Sauti ya Akiba

Vijana wa karakana, mmeniomba niandike tulivyofanya kazi kabla sijasahau. Kusahau bado. Nimestaafu, sijafa. Ningewaandikia mapema, ila kuna jambo lilitokea pale mtaa wa Kongo, Kawangware, hapa Nairobi, muda mfupi tu baada ya nyinyi kunipa saa ya ukutani na keki, na mpaka leo nikilikumbuka nashika meza. Nitafika huko. Lakini hamwezi kulielewa bila kujua tulikoanzia, na nyote mlikuja mkakuta kila kitu kimeshajengwa. Kwa hivyo kaeni mnisikilize.

Mimi ni mtoto wa Riruta. Baba yangu alikuwa na ploti, na alitaka nibaki pale nichunge wapangaji, nisikilize nani amemwaga maji kwa mlango wa nani. Nikasema heri nigombane na kompyuta, angalau hizo hukueleza kosa ni nini. Huo nao niligundua baadaye ni uongo. Ndivyo nilivyofika Makina, upande wa Kibera, kwenye chumba cha mabati karibu na msikiti, kumtafuta mtu aliyeitwa Barasa. Nilikuwa nimeambiwa anatengeneza mashine za kuwasemea watu wasio na sauti.

Nilibisha, kimya. Kisha nikasikia mtu ndani anasema, "Ba. Be. Bi. Bo." Pole pole, kwa sauti nzito ya mwanamume mzima. Nikasukuma mlango. Chumbani hakukuwa na mtu. Lililokuwa likiongea ni kabati la nguo. Haki ya Mungu, nilishageuka nikimbie. Ndipo mlango wa kabati ukafunguka, akatoka mwanamume mrefu amejifunika blanketi, jasho linamtiririka, maikrofoni mkononi.

Akanitazama. "Umeniharibia 'bu'," akasema.

Hiyo ndiyo salamu yangu ya kwanza kazini. Kama kuna kijana analalamika kwamba siku yake ya kwanza hakupewa kiti, na afikirie hilo kabati.

Barasa alikuwa ameandika programu kwa kampuni kubwa mjini, akaacha. Binti yake Nafula alipasuliwa koo akiwa mdogo, akapona, lakini sauti haikurudi. Mashine za kusemea zilizokuwepo ziliongea Kiingereza cha mbali, na Kiswahili zilikisoma vibaya hata mama mtu haelewi. Basi akajifungia kabatini akarekodi kila silabi ya Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, kisha akaandika laibrari, yaani programu ya kuziunganisha. Nafula angebonyeza herufi, na mashine ingesema.

Kwa wale wanaosoma hii na si wa kazi yetu, nieleze mara moja tu. Laibrari ile aliiandika kwa lugha ya kompyuta inayoitwa C. Ukishaiandika, lazima uipitishe kwenye programu nyingine mpaka iwe kitu kigumu kinachokimbia haraka. Vitufe na skrini aliviandika kwa Python, lugha laini, unabadilisha neno asubuhi na asubuhi hiyo hiyo inafanya kazi. Hizi mbili hazisikizani zenyewe. Katikati lazima pawe na kiunganishi, na kiunganishi kina faili lake la ujenzi, linaloiambia kompyuta laibrari iko wapi, Python ni toleo gani, na kijengwe vipi. Kulilisha na kulirekebisha hilo faili ndiyo iliyokuwa kazi yangu miaka yote. Watu wa Riruta wakiniuliza nafanya nini, nilisema niko kwa mambo ya kompyuta, tukaongea mengine.

Jirani yetu pale Makina alifuga kuku mmoja mwenye kiherehere. Barasa alipofika silabi "ke", kuku akalia. Akarekodi upya, adhana ikaanza. Tukangoja adhana iishe kwa heshima, akarekodi tena, kuku naye akarudi. Mwisho Barasa akachoka. "Mwache akae," akasema. "Na yeye ana haki ya kuongea." Kwa hivyo kila neno lenye "ke" lilikuja na kuku kwa mbali nyuma yake. Nilijaribu sana kumkata. Ukimtoa kuku, "ke" nayo inaondoka nusu.

Mama Nafula alikuwa akishona nguo kwenye kona ya karakana hiyo hiyo. Kila siku, Barasa bila kutoa macho kwa skrini angesema, "Mama Nafula, niwekee chai." Naye bila kutoa macho kwa cherehani angejibu, "Jiwekee, mikono unayo." Kisha anainuka, anamimina. Mimi mgeni nikadhani nyumba inavunjika mbele yangu. Siku moja nikaenda kumimina mwenyewe ili kuleta amani. Waliniangalia wote wawili kama mwizi. "Nani amekuambia?" Mama Nafula akauliza. Sikurudia.

Barasa alinifundisha kwa ukali na bila sifa. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba toleo la Python likibadilika, kiunganishi kijengwe upya kutoka mwanzo, usibembeleze cha zamani. Futa kila kitu kilichojengwa, anza tena. Ya pili, ujenzi ukikataa na skrini ikijaa makosa, soma kosa la kwanza. "Hilo ndilo la kweli," alisema. "Hayo mengine ni majirani wamekuja kutazama." Nimetumia maneno hayo kwa kompyuta, na nimeyatumia kwa wapangaji wa baba yangu, na yamefaa kote.

Sasa, Nafula akakua. Msichana wa sekondari, mrefu kama baba yake, anaingia darasani, anabonyeza, na inatoka sauti ya mwanamume mwenye ndevu. Unaweza kufikiria wenzake. Alikuja karakana jioni moja bado na sare, akaiweka mashine mbele ya baba yake, akaandika, akabonyeza.

"Sitaki kuongea kama baba," mashine ikasema. Kwa sauti ya Barasa, usoni pa Barasa.

Nilikuwa nimesimama pale na waya mkononi na sikujua niangalie wapi. Mtu kuambiwa hivyo na mtoto wake ni kitu kimoja. Kuambiwa kwa mdomo wako mwenyewe, jameni. Barasa alikaa chini. Baadaye akamwambia binti, "Una haki." Wiki iliyofuata tulimwingiza kabatini binamu yake Nafula, msichana anaitwa Nekesa, mwenye sauti safi na uvumilivu mdogo. Tukajenga laibrari mpya, nzuri kuliko ya kwanza, na kiunganishi kipya cha kasi. Nafula akaanza kuongea kama msichana, na akaongea mpaka tukamwomba apumzike.

Nilidhani ile ya kwanza tutaitupa. Barasa akakataa. Akaongeza sehemu nyingine kwenye faili la ujenzi. Kila tulipojenga, laibrari ya zamani nayo ilijengwa, ikafichwa ndani ya kila mashine, pamoja na kiunganishi chake cha kienyeji ambacho hakijali Python ni toleo gani. "Ile mpya ikikataa siku moja, mtu asibaki bubu mbele ya watu," akasema. Akaiita sauti ya akiba. Mimi sehemu hiyo ilinikera. Ilichelewesha ujenzi, ilitapika maonyo, na haikutumika hata siku moja, kwa sababu nilikuwa makini na kiunganishi hakikuwahi kukataa mikononi mwangu. Nilipomwambia niitoe, alinijibu neno moja. "Usiiguse."

Halafu akaugua, na haikuchukua muda. Tulimzika kwao magharibi. Karakana ikahama kutoka Makina kwenda Kongo, chumba kikubwa zaidi, bila kuku. Mama Nafula naye akapanga huko huko, nyuma yetu tu. Miaka ikaenda. Faili la ujenzi nikalirekebisha kila Python ilipobadilika, na sehemu ile ya akiba niliipita tu kama mtu anavyopita kaburi la ukoo mwingine. Mwishowe nikamkabidhi mwenzenu Kevo funguo na faili, mkanipa saa na keki.

Sasa tumefika.

Nafula alipata mchumba, Omondi, fundi viatu wa Makina, kijana mpole anayesoma skrini ya mashine kabla hata haijasema. Siku ya wazee wake kuja Kawangware ikapangwa. Mnajua kwetu wageni wakija hakuna kinachoruhusiwa kubaki cha jana. Mapazia yalifuliwa, fremu ya mlango ikapakwa rangi, vitambaa vya makochi vikapigwa pasi, sufuria za kuazima zikasuguliwa kuliko mwenyewe alivyowahi kuzisugua. Asubuhi ya siku hiyo Mama Nafula akaipeleka mashine karakana. "Na hii pia mnisafishie," akamwambia Kevo. "Nataka iwe mpya."

Kevo ni kijana mtiifu. Akapangusa skrini, akabadilisha betri, na kwa kuwa ameambiwa iwe mpya, akasasisha kila kitu kilicho ndani. Python pia. Nani anasasisha mashine asubuhi ya wageni? Sisi. Watu wanaopaka rangi mlango wageni wakiwa njiani. Kisha akaijaribu kwa "Karibuni sana", ikasema vizuri kabisa, akairudisha inang'aa.

Mimi nilialikwa kama shangazi. Nilikaa karibu na mlango na mandazi yangu, Kevo na begi lake la laptopu kando yangu. Wazee wa Omondi upande mmoja, wa Nafula upande mwingine, na mahali pa baba alikaa Wekesa, mdogo wake Barasa, ambaye ana kimo cha marehemu lakini hana utani wake. Nafula akaitwa. Akaingia na mashine kifuani kwa ukanda wake, akabonyeza, "Karibuni sana. Habari za safari." Sauti ya Nekesa, tamu. Kina mama wakapiga vigelegele.

Wekesa akasimama. Akauliza swali ambalo kila binti huulizwa, na bila jibu lake hakuna kinachoendelea. "Mwanangu, hawa watu unawajua? Walicholeta tukipokee au tukirudishe?"

Nafula akaandika. Akabonyeza.

"Ndiyo, nawajua. Pokeeni."

Ni Barasa aliyesema. Marehemu Barasa, sauti nzito, pole pole, katikati ya sebule, mahali ambapo baba wa binti angesema. Na kwa mbali, ndani ya lile "pokeeni", kuku wa Makina akalia.

Sijui niwaeleze vipi. Andazi lilikuwa mdomoni na sikuweza kutafuna wala kutema. Mama Nafula alikuwa amebeba sinia ya vikombe, akabaki amesimama nayo. Bibi mmoja akaanza kuomba chini chini. Wekesa akashika mgongo wa kiti, na mtu mkali kama yule akasema kwa sauti ndogo, "Kaka?" Nafula mwenyewe aliinua mikono akaitoa kwenye vitufe, akaitazama mashine kama imemng'ata.

Wa kwanza kupata ulimi alikuwa mzee wa upande wa Omondi. "Sisi tumesikia msichana ameulizwa," akasema kwa adabu. "Aliyejibu ni nani?"

"Hiyo ni mashine," mwingine akadakia. "Mashine husema alichotaka aliyeitengeneza."

Na aliyebaki hai kati ya walioitengeneza, kwa bahati mbaya, alikuwa pale mlangoni na andazi shavuni. Macho yote yakanijia. Wekesa alikuwa amerudiwa na akili, na pamoja nayo hasira. "Ndugu yangu tulimzika," akasema. "Hatuozi binti kwa neno la marehemu. Mtoto ajibu kwa sauti yake inayojulikana, au wageni wetu warudi na vitu vyao, na tusilaumiane." Omondi aliangalia viatu vyake. Kila mtu mle ndani alijua kwamba wageni wakirudi na vitu vyao siku kama hiyo, kuja tena si rahisi.

Nikainuka. Nikamwomba Nafula mashine, nikamshika Kevo mkono, tukaingia jikoni.

"Mathe, haki sijagusa sauti," akaanza, kama mtoto anayejitetea kwa mama yake. "Nimeupdate tu."

"Umeupdate Python?"

"Eeh."

"Na kiunganishi umejenga upya?"

Akasema, "Lakini ilisema karibuni sana. Nikajua iko fiti."

Hapo ndipo nilipoelewa. Salamu mashine haizijengi kila mara. Imezihifadhi tayari, kama chapati za jana, inapasha tu. Neno jipya ndilo linaloita laibrari. Kiunganishi cha Nekesa kilikuwa cha Python ya zamani, kikakataa kufunguka. Na kilipokataa, ile sehemu niliyoidharau miaka yote ikafanya kazi yake kama ilivyoagizwa. Mtu asibaki bubu mbele ya watu.

Tukafungua laptopu ya Kevo juu ya gunia la viazi. Kwenye faili la ujenzi toleo la Python lilikuwa limeandikwa kwa mkono wangu, la zamani, na njia ya kulifikia pia ya zamani. Tukabadilisha vyote viwili, tukajenga. Skrini ikajaa makosa. Kevo akashika kichwa. "La kwanza," nikamwambia. "Soma la kwanza." La kwanza lilisema kuna mabaki ya ujenzi uliopita yamejichanganya na huu. Tukafuta yote, tukaanza upya. Ujenzi ukapita.

"Sasa ipe neno ambalo haijawahi kusema," nikamwambia. Akaandika, "Viazi vimekaliwa na laptopu." Nekesa akalisema, safi. Nikapumua.

"Na hii ya zamani niitoe, Mathe?" Kevo akauliza, kidole tayari. "Isituaibishe tena."

"Hiyo ya zamani gani?"

Si mimi niliyeuliza. Mama Nafula alikuwa nyuma yetu, bado na sinia. Akaiweka chini taratibu.

"Njoki, ile sauti imetoka wapi?"

"Ilikuwa humo, Mama Nafula. Aliiweka mwenyewe. Ya akiba."

"Tangu lini?"

"Tangu Nafula aache kuitumia."

Alitikisa kichwa kama anayekataa chakula. "Simu yake iliibwa hata kabla hatujamzika," akasema. "Sina salamu yake hata moja. Kila siku najaribu kukumbuka alivyokuwa akiongea, na siku hizi inanipotea. Na hiyo mashine inalala kwa meza yangu, Njoki. Naipangusa vumbi."

Vijana, nimeona mengi kazini. Hakuna lililowahi kunipiga namna hiyo. Sehemu ile naijua kila mstari, ningeweza kuiandika nikiwa nimefumba macho, na haikunijia hata siku moja kwamba ni mtu, na kwamba mtu huyo ana mke. Niliona maonyo na ucheleweshaji. Kevo ndiye aliyeondoa kidole chake kwenye kitufe, akakificha mfukoni.

Tukarudi sebuleni. Wekesa akauliza tena, neno kwa neno, maana desturi haifupishwi. Nafula akaandika kwa muda, chumba kizima kikimsubiri. Akabonyeza.

"Huyu ni mimi Nafula," ikasema sauti ya Nekesa. "Nawajua. Namtaka Omondi. Pokeeni. Na yule wa kwanza ni baba yangu, yeye hakuwahi kunisubiri nimalize."

Mzee wa upande wa Omondi alifikiri kidogo. "Basi," akasema, "tulikuja kutafuta jibu moja, tumepewa mawili, na yote ni ndiyo." Wekesa akacheka kabla hajajizuia. Vikombe vikaanza kugongana, vigelegele vikarudi, na mimi hatimaye nikameza lile andazi.

Watu walipokuwa wanakula nilimwona Nafula amemwita Kevo pembeni. Aliandika kitu, Kevo akasoma, akaniangalia, nikakubali kwa kichwa. Ni jambo dogo. Badala ya sauti ya akiba kungoja ajali, unaipa kitufe chake. Kevo alimaliza kabla nyama haijazunguka.

Mama Nafula alikuwa akipita na chupa ya chai, akiwahudumia wazee, uso umefungwa kama mlango. Nafula akangoja afike karibu. Akabonyeza.

"Mama Nafula, niwekee chai," Barasa akasema, na kuku akalia nyuma yake.

"Jiwekee, mikono unayo," Mama Nafula akajibu. Lilimtoka bila kufikiri, bila hata kugeuka, kisha akasimama pale pale na kiganja mdomoni. Tukamwona mabega yanatikisika, na sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio, nadhani na yeye hakujua.

Halafu akachukua kikombe kisafi, akamimina, akaweka sukari, akakoroga, akakiweka mezani mbele ya mashine. Wekesa, ambaye kwa kweli hana utani, akanyoosha mkono akichukue. Nikamkanyaga mguu.